Kupima jinsi watu wanavyotumia simu: mwongozo kwa maabara ndogo ya chuo, Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na asistanti wao wanaotaka kujua kwa nini mtu anakwama kwenye programu ya simu au kwenye menyu ya kutuma pesa, na wanaotaka kulijua hilo kwa kutazama badala ya kukisia. Hamhitaji chumba chenye kioo cha upande mmoja wala kamera sita. Mnahitaji watu watano, meza, simu tatu, kompyuta mpakato moja, na uwezo wa kunyamaza. Huo wa mwisho ndio unaopatikana kwa shida.

Mbinu nyingi zilizomo humu zilizaliwa Marekani na Ulaya, kwa watu wa ofisini walioketi mbele ya kompyuta. Maabara ya Chuo Kikuu cha Maryland aliyoianzisha Ben Shneiderman mwaka 1983 ni mojawapo ya zile za kwanza. Afrika ilipata mkutano wake wa watafiti wa fani hii ya jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, AfriCHI, mwaka 2016 jijini Nairobi. Mbinu hizo zikiletwa hapa Lubumbashi, iwe Kasapa penye kampasi ya chuo au mtaa wa Katuba, nyingine zinafanya kazi vilevile zilivyo, nyingine lazima zipindwe kidogo. Pale pa kupinda ndipo tutakapokaa zaidi.

Nani anafanya nini

Kila mtu ana kazi moja tu. Mwongozaji ndiye peke yake anayezungumza na mshiriki, yaani mtu aliyealikwa kujaribu programu, tangu mshiriki huyo anapoketi hadi anapoinuka. Mwandishi anaandika anachokiona, pamoja na dakika na sekunde. Fundi anashughulikia kamera, kebo na umeme. Mpokeaji anawatafuta washiriki, anawapigia jana yake kuwakumbusha, anawalaki mlangoni na kuwalipa. Wa tano ni mtunza data: anazipa faili majina, anazinakili, na ndiye mwenye ufunguo wa orodha ya majina ya watu.

Chumbani wakae watatu tu: mwongozaji, mwandishi na fundi. Mpokeaji abaki nje na mshiriki anayefuata, maana asiyeona wala kusikia chochote ndiye anayefika mezani bado hajafundishwa. Makundi mapya hukosea kwa kuwaacha watu wawili waulize maswali. Mshiriki akishamgeukia mtu wa pili mara moja, atamgeukia kila anapokwama, na mnachopima tangu hapo ni nani kati yenu ana uso wa huruma.

Profesa asikae ndani. Akiwapo, mshiriki anamjibu yeye hata kama hakuuliza kitu, na mwanafunzi anayeongoza anaanza kusoma karatasi yake kama mtu aliye mbele ya wasahihishaji. Kama anataka kuona, ataona video jioni.

Aliyetengeneza programu naye haongozi. Uso wake utamsaliti kila kidole kinapoelekea kusiko. Pia mshiriki asijue kwamba programu ni ya mtu aliyemo chumbani. Utafiti wa Nicola Dell na wenzake uliofanyika Bangalore, India, na kutolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba watu walikuwa na mwelekeo wa mara 2.5 zaidi wa kuipenda teknolojia waliyoamini ni ya yule anayewahoji. Mhoji alipokuwa mgeni wa kigeni mwenye mkalimani, mwelekeo huo ulifika mara 5. Kwetu adabu ya mgeni ni ileile: aliyekaribishwa kwa soda hatasema chakula kina chumvi. Kwa hiyo semeni "kuna programu tumeletewa tuipime", na iwe kweli kwa yule anayeisema.

Zungusheni kazi, lakini baada ya kundi zima la washiriki, si katikati. Mwongozaji akibadilika baada ya mshiriki wa tatu, hamtajua kama wa nne alifaulu kwa sababu ya programu au kwa sababu alipata mwongozaji mpole. Na mwongozaji awe mtu anayeongea Kiswahili cha mjini bila kujikaza. Kifaransa cha darasani kinamfanya mama wa sokoni akae wima na kujibu kwa "ndiyo" fupi fupi.

Chumba, simu na umeme

Chumba kikiwa mbali na mji, nusu ya washiriki hawatafika. Kasapa inafaa kwa kuwapima wanafunzi. Kwa wafanyabiashara, ombeni darasa la shule katika mitaa ya Kenya au Kamalondo, humuhumu mjini, baada ya masomo. Msifanye jaribio ndani ya soko lenyewe kwa mara ya kwanza: kila mteja anayepita atatoa ushauri.

Mwongozaji asikae uso kwa uso na mshiriki, akae pembeni, upande ambao mshiriki hashikii simu, meza ikiwatenganisha kwa kona yake. Mwandishi akae nyuma, mita mbili hivi, mahali anapoona video kwenye kompyuta na si uso wa mtu.

Simu ya kwanza ndiyo inayopimwa. Ya pili inarekodi mikono kutoka juu, kwenye mkono wa chuma unaopinda, sentimita 40 hivi juu ya meza. Bandikeni mezani utepe wa rangi kuonyesha eneo ambalo kamera inaona, kisha mwambieni mshiriki kwamba anaweza kushika simu apendavyo maadamu abaki ndani ya utepe. Ya tatu inakaa nje na mpokeaji, ina kadi ya SIM ya kupokea pesa. Sababu yake itakuja.

Kurekodi skrini yenyewe, scrcpy, programu ya kompyuta inayoonyesha na kurekodi skrini ya simu, inatosha na ni ya bure. Washeni chaguo za wasanidi kwenye Android, ruhusuni utatuzi kwa USB, na washeni pia kuonyesha miguso ili kila kidole kiache nukta nyeupe kwenye video. Punguzeni kiwango cha video hadi megabiti 2 kwa sekunde. Cha kawaida cha programu hiyo ni 8. Kwa megabiti 2 dakika moja ni megabaiti 15 hivi, na kipindi cha dakika 45 hakifiki megabaiti 700. Kwa 8 mtajaza gigabaiti 2.7 kwa mtu mmoja, na maandishi ya menyu hayatasomeka vizuri zaidi.

Faili iwe ya mkv, isiwe mp4. Mp4 huandika faharasa yake mwishoni, faili inapofungwa. Umeme ukikatika au mshiriki akivuta kebo, faili inabaki lakini haifunguki. Mkv hufunguka hadi pale ilipokatikia. Katika mji wenye delestaji, yaani umeme unaokatwa kwa zamu, hilo peke yake litawaokolea nusu siku. Na msitegemee amri ya screenrecord iliyomo ndani ya Android, maana kwa kawaida hujikata baada ya dakika 3.

Programu nyingi za benki na za pesa huzuia skrini isirekodiwe. Video inatoka nyeusi kabisa. Hilo si hitilafu ya kebo, msihangaike nalo. Ndiyo maana kamera ya juu ni ya lazima hata kama skrini inarekodiwa.

Sauti huharibika kwa urahisi kuliko picha. Kati ya Novemba na Machi, mvua ikigonga mabati, mikrofoni ya kompyuta haisikii kingine. Tumieni mikrofoni ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, na kwa wanawake wanaojifunga kitenge ibaneni kwenye blauzi, si kwenye kitenge, la sivyo mtasikia msuguano wa kitambaa siku nzima.

Hesabu ya umeme ni hii. Kompyuta wati 45, simu mbili zinazochaji wati 20 kwa pamoja, taa moja ya LED wati 9: jumla 74. Kwa saa 6 ni wati-saa 444, na mkiongeza hasara ya inveta mnakaribia 520. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabuni 600. Inatosha, ila bila feni, bila printa, na bila majirani kuja kuchaji.

Kutafuta washiriki

Wanafunzi wenzenu si washiriki, isipokuwa programu ni ya wanafunzi. Wako karibu, wako tayari, na watawadanganya bila kujua.

Swali la kuchuja lisiwe "unatumia simu kutuma pesa?" Kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni: "Mara ya mwisho ulituma pesa lini, na nani alibonyeza?" Watu wengi hutuma pesa kwa kwenda kabine, kibanda cha wakala wa pesa za simu: wanataja namba na kiasi, mwenye kabine anafanya yote. Mtu huyo ametuma pesa kwa miaka na huenda hajaiona menyu hata siku moja. Yeye na yule anayebonyeza mwenyewe ni makundi mawili. Mkiwachanganya, matokeo yatakuwa ya mtu wa katikati asiyekuwepo popote.

Watano kwa kila kundi. Namba hiyo inatokana na hesabu ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993: katika miradi waliyoichunguza, mshiriki mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano hufichua takriban asilimia 84, yaani 1 toa 0.69 kwa kipeo cha 5. Makundi mengi huishia hapo na kuifanya watano kuwa dini. Asilimia 31 ni wastani. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi lina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana kwa washiriki watano. Kama ni tatizo linalopoteza pesa za mtu, ongezeni washiriki au pimeni raundi mbili zenye marekebisho katikati. Raundi mbili za watano zina faida kuliko moja ya kumi.

Malipo: nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kiasi kinacholingana na pato la saa mbili za kazi ya mtu huyo, na yatolewe mwanzoni, kabla ya kitu chochote. Akilipwa mwisho atadhani analipwa kwa kufaulu, na atakubali kila kitu.

Ridhaa na namba ya siri

Tangu Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010, yenye sehemu ya kulinda data za watu. Sauti, uso na namba ya simu ni data za mtu. Ridhaa isomwe kwa sauti, kwa lugha ya mshiriki, na jibu lake lirekodiwe. Saini kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hakuisoma haimlindi yeye wala ninyi. Ombeni ruhusa tatu kando kando: kurekodi mikono na skrini, kurekodi sauti, na kuonyesha kipande cha video darasani. Mtu anaweza kukubali mbili akakataa ya tatu, na kazi ikaendelea.

Mshiriki asitumie simu yake mwenyewe wala namba yake ya siri. Kwenye simu yake kuna ujumbe, madeni na majina ya watu. Tumieni simu ya maabara yenye kadi ya SIM iliyosajiliwa kwa jina la mwanachama mmoja, namba ya siri ikiwa imeandikwa kwenye kikaratasi mezani. Ndiyo, namba ya siri mezani inapunguza uhalisia: hamtajua watu wangapi huisahau. Kubalini hasara hiyo.

Kuandika kazi

Kazi nne au tano zinatosha kwa dakika 25. Kila moja iandikwe kama haja ya mtu, si kama maelekezo, na isitumie neno lililoandikwa kwenye kitufe. Kama kitufe kinasema "Transfert", msiseme "fanya transfert". Hapo mnapima kama mtu anaweza kulinganisha maneno mawili. Semeni: "Dada yako yuko Likasi, anahitaji faranka elfu tano leo. Namba yake ni hii."

Tajeni sarafu kila mara. Huku akaunti za pesa za simu huwa na mfuko wa dola na mfuko wa faranka, na menyu huuliza uchague. Kazi inayosema "tuma elfu tano" tu itazaa makosa yaliyosababishwa na karatasi yenu. Ila, mkishapima kwa kutaja sarafu, ongezeni kazi moja ambamo hamuitaji makusudi, mwone mtu anachagua nini bila kuambiwa.

Angalieni pia jinsi tarakimu zinavyoandikwa. Aliyesoma shule ya Kifaransa anaona mkato kama mwanzo wa sehemu ndogo ya namba. Programu ikimwonyesha 10,000 anaweza kusoma kumi; ikimwonyesha 10.000 au 10 000, anasoma elfu kumi. Kosa hilo halisikiki, kwa sababu mtu hasomi kwa sauti. Mwambieni asome kiasi alichokiona kabla ya kuthibitisha.

Kama mnapima menyu ya nyota na alama ya reli, ile ya USSD, jueni mipaka yake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 182 tu. Ikiingia herufi isiyomo katika alfabeti ya msingi ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, kama ê au ô, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi 80. Ndiyo maana menyu nyingi za Kifaransa huandikwa bila kofia juu ya herufi, na zimefupishwa hadi kufanana na mafumbo. Kabla ya kumlaumu mwandishi wa menyu, hesabuni herufi.

Wekeni faranka 20,000 kwenye kadi ya maabara. Kazi zote zitumwe kwenye kadi ya simu ya tatu aliyonayo mpokeaji nje. Yeye huzirudisha kabla ya mshiriki anayefuata, na mnapoteza ada tu. Pesa halisi ina maana: mtu anayebonyeza pesa za kuigiza haogopi, na hofu ni nusu ya kinachomfanya akwame.

Baina ya washiriki, fundi afute historia ya simu zilizopigwa, namba zilizopendekezwa na kibodi, na programu zilizobaki wazi nyuma. Kibodi ndiyo husahaulika. Mshiriki wa nne akiandika tarakimu mbili na simu ikamalizia namba ya dada wa Likasi, kazi imepimwa bure.

Dakika 60 na mtu mmoja

Dakika 5 za karibu na malipo, 5 za ridhaa, 5 za mazoezi, 25 za kazi, 10 za maswali, 10 za kupanga upya chumba. Msizidi washiriki watano kwa siku. Mkono wa mwandishi huchoka, na aliyechoka huandika hitimisho badala ya tukio.

Maneno ya mwanzo yaandikwe na yasemwe vilevile kwa kila mtu, kwa lugha ya hapa: "Mama, hatuko tunakupima weye. Tuko tunapima hii kitu ya mu telefone. Ukikwama, ile si kosa yako, na kwetu ile ndiyo faida." Kisha mazoezi ya kusema mawazo kwa sauti: mpeni kazi nyingine kabisa, kama kuweka kengele ya saa kumi na moja asubuhi, na mwongozaji aonyeshe kwanza kwa kuifanya mwenyewe huku akisema kila anachofikiri.

Kusema kwa sauti kunakubaliana vizuri na programu za kawaida. Kwenye menyu ya USSD kunaleta balaa. Kikao cha menyu kina muda wake, unaotofautiana kwa kila mtandao, na mtu anayeeleza anachofikiri huchelewa hadi kikao kinafungwa usoni pake. Anadhani amekosea, ninyi mnaandika "ameshindwa", na kumbe mmemfungia mlango wenyewe. Kwa USSD mwacheni afanye kimya hadi mwisho, kisha mketi naye papo hapo mwangalie video, mkisimamisha kila alipositasita: "Hapa ulikuwa unatafuta nini?" Hiyo inachukua dakika 10 zaidi, kwa hiyo punguzeni kazi ziwe tatu.

Mshiriki akikwama, mwongozaji ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Mara nyingi mtu anajitoa mwenyewe ikifika saba. Asipojitoa, msaada una ngazi tatu. Kwanza swali la wazi: "Unatafuta nini sasa?" Pili kumrudisha kwenye kazi: "Soma tena kile dada anachohitaji." Tatu kumwonyesha njia. Ngazi ya tatu ikitumika, kazi hiyo imeshindwa hata kama pesa zilifika. Baada ya dakika 8 kazi inafungwa kwa upole na mnaenda nyingine.

Akiuliza "hapa nibonyeze?", msijibu ndiyo wala hapana. Jibuni: "Ungekuwa nyumbani, ungefanya nini?" Maneno kama "vizuri", "sawa sawa" na "umepatia" yafutwe kabisa katika kinywa cha mwongozaji, maana yanamwambia mtu njia.

Daftari la mwandishi

Mwandishi anaandika kinachoonekana na kusikika. Sababu inakuja baadaye. Huu ni ukurasa wa mfano, kazi ya faranka elfu tano:

00:12 anabonyeza namba ya menyu bila kuangalia karatasi
00:31 orodha ya mifuko. Kidole kinaelea juu ya 2, kinarudi
00:36 anabonyeza 1 (dola)
00:58 anaandika namba ya dada, anaihakiki mara mbili kwenye karatasi
01:20 anaandika 5000
01:34 ujumbe: salio halitoshi
01:36 "Pesa yao imeliwa?" anamtazama mwongozaji
01:50 anaanza upya, anabonyeza 1 tena

Kosa limetokea 00:36, lakini kilio kinasikika 01:36. Aliyekuwa na haraka angeandika "ujumbe wa salio haueleweki" na kupendekeza ujumbe mrefu zaidi. Ukurasa unasema jambo jingine: kidole kilisita pale kwenye mifuko, na baada ya kuthibitishiwa kwamba kuna shida bado kilirudi kwenye 1. Ujumbe haukutaja ni salio la mfuko gani. Neno moja, "dola", lingetosha, na lina herufi nne tu kati ya zile 182.

Kusita kwa zaidi ya sekunde 3, kurudi nyuma, kusoma kwa midomo, kumtazama mwongozaji: kila kimoja kiwe na alama yake fupi ambayo timu nzima inaijua. Wanachosema watu mwishoni kiandikwe ukurasa tofauti. Mtu aliyekwama mara nne atasema programu ni nzuri sana. Mkono wake umeshatoa ushahidi.

Alama na hesabu

Maswali kumi ya SUS (System Usability Scale), ya kupima urahisi wa kutumia kitu, yaliyotungwa na John Brooke mwaka 1986, ni kipimo cha haraka kinachofaa. Kila jibu ni 1 hadi 5. Kwa maswali ya witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa yale ya shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Majibu 4, 2, 4, 3, 3, 2, 4, 2, 4, 3 yanatoa 14 na 13, jumla 27, yaani 67.5. Si asilimia, ni alama, na wastani unaotajwa sana ni 68. Tatizo lake hapa ni maswali ya shufwa, yaliyoandikwa kwa upande wa lawama: mtu huyakubali kwa adabu kama alivyoyakubali ya sifa. Mkiona mtu amejibu 4 kwa yote kumi, atapata 50 hata kama aliipenda au aliichukia. Wekeni kando karatasi hiyo. Kwa asiyesoma, someni kwa sauti na mpeni maharagwe matano ayasogeze.

Msiandike "asilimia 60 walifaulu" kwa watu watatu kati ya watano. Kwa idadi hiyo kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya 23 na 88 kwa mia. Andikeni "watatu kati ya watano" na mwacheni msomaji aone udogo wa namba.

Chukueni na rula. Vitufe vidogo vilivyo mbali hugongwa kwa shida zaidi, jambo ambalo Paul Fitts alilipima mwaka 1954. Mwongozo wa Android unapendekeza eneo la mguso la dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini), takriban milimita 9 kwenye kioo. Chini ya milimita 7, andikeni. Muulizeni pia mshiriki simu yake ya nyumbani ikoje: aliyezoea kioo kilichopasuka kwenye kona huikwepa kona hiyo hata kwenye simu nzima.

Uchambuzi ufanyike jioni hiyohiyo, dakika 30, watu wote watano, kabla ya chakula. Kila mmoja alete matatizo matatu aliyoyaona, kila tatizo likiwa na dakika ya video. Lisilo na dakika halijadiliwi. Yapangeni kwa ukali wa ngazi tatu: linapoteza pesa au linazuia kabisa, linachelewesha, linaudhi tu. Ya ngazi ya kwanza yanaenda kwa mtengenezaji usiku huo kwa ujumbe mfupi wenye kipande cha video cha sekunde 20, ikiwa mshiriki ameruhusu. Ripoti ya kurasa 30 itasomwa na msimamizi wa kazi yenu ya mwisho. Kipande cha video kitasomwa na anayeweza kurekebisha.

Baada ya hapo

Faili ziitwe kwa namba ya mshiriki, si kwa jina: P03_kazi2.mkv. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kwa mtunza data, na ichanwe malipo yakishahakikiwa. Nakala mbili za video, kwenye diski mbili zilizofungwa kwa nywila, katika nyumba mbili tofauti. Panga tarehe ya kuzifuta na iandike kwenye diski yenyewe. Miezi 12 inatosha kwa kazi nyingi za chuo.

Wanachama huondoka kila mwaka wakimaliza masomo, na maujuzi huondoka nao. Kwa hiyo mwongozaji mpya akae kwanza kama mwandishi kwa kundi zima la washiriki, na karatasi ya maneno ya mwanzo, daftari la alama na orodha ya kufuta simu vibaki kwenye sanduku moja pamoja na vifaa. Kadi iliyosajiliwa kwa jina la anayeondoka ihamishwe au ifungwe kabla hajapokea diploma, na salio litolewe kwanza, maana akishahamia Kolwezi kutafuta kazi, kumpata ili aende kuithibitisha dukani ni kazi nyingine kabisa.